Mama Nili Anatuachia Asubuhi Zake

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi wetu wa rangi na vitambaa, ambaye shule nzima inamwita Mama Nili, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, tutakusanyika ukumbini kumuaga. Sisi wasichana wa Chama cha Rangi tumepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Tuliambiwa tuandike ukurasa mmoja. Tumejaribu.

Jina lake kamili litasomwa na mkuu wa shule siku ya sherehe, na tuna hakika wengi watageuza shingo kutafuta ni nani anayeitwa. Kwetu yeye ni Mama Nili tu. Nili ni ile rangi ya buluu inayotoka kwenye majani ya mnili, na kwa muda wote aliofanya kazi hapa mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine, kuanzia ncha za vidole mpaka juu kidogo ya viwiko. Mume wake, ambaye ni fundi saa, husema kwamba wakipotezana sokoni yeye hahangaiki na nyuso za watu. Anatazama mikono.

Hakuajiriwa kwa ajili ya sanaa. Aliajiriwa kwa sababu sketi zetu zilikuwa zinapauka. Mkuu wa shule wa enzi hizo alikuwa amechoka kuona wasichana wamejipanga mstarini kwa sketi za buluu za kila namna, mithili ya paa la mabati lililoezekwa kwa vipande. Akasikia kuna msichana mmoja aliyefundishwa kutia rangi na shangazi yake. Msichana huyo akaitwa, akapewa chumba kilichokuwa kikitunzia madawati mabovu nyuma ya madarasa, beseni mbili, na ahadi kwamba fundi bomba yuko njiani. Fundi bomba alikuja kweli, ila Mama Nili alikuwa ameshazoea kubeba ndoo, na mpaka leo hauamini sana ule mfereji.

Waliowahi kuingia Chumba cha Rangi hawakisahau. Dirisha ni moja, na kioo chake kimoja kilichovunjika kilizibwa zamani kwa kitambaa cha nili, kwa hiyo asubuhi jua likiingia linapita hapo kwanza na kuanguka sakafuni likiwa buluu. Kamba zimevuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Vitambaa vinaning'inia juu ya kichwa chako, vingine vimekauka, vingine bado vinadondoka, na matone yakigonga beseni husikika kama mtu anayefikiri kwa sauti. Ukikaa humo kwa muda ukatoka nje, uwanja wa shule unaonekana mweupe kupita kiasi, na unahisi kama umeamshwa.

Katikati ya chumba, ukiwa umezikwa sakafuni mpaka shingoni ili usipate baridi, upo mtungi. Ni mtungi wa udongo mkubwa unaoweza kummeza mtoto wa darasa la pili akiwa amesimama, na tunaomba wazazi wasiogope, kuna kifuniko. Mtungi huo si chombo cha kuwekea rangi tu. Unaishi. Ndani yake kuna majani ya mnili yaliyochachuka, maji ya majivu na pumba, na kitu hicho chote kinapumua polepole, kinatoa povu, kinapata njaa na kushiba. Ukizamisha kitambaa cheupe kinatoka kikiwa kijani kama jani changa. Halafu hewa inakigusa, na mbele ya macho yako kijani kinaondoka, buluu inaingia. Hata kama umeona mara nyingi, unajikuta umesogea karibu.

Kila siku ya kazi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Mama Nili alifika akafunua kifuniko, akainama na kunusa. Akishanusa alijua. Kama mtungi una njaa aliutupia pumba. Kama umelala aliukoroga taratibu kwa mti mrefu, bila kupiga mapovu. Kama umenuna aliufunika na kuuacha. Kisha alichovya kitambaa kimoja chembamba, upana wa vidole viwili, akakitundika msumarini kuona buluu ya siku hiyo ikoje. Vipande hivyo aliviita vionjo. Vikikauka alivitupia kwenye gunia, na siku zilizofuata vilitumika kufungia mafurushi, kushikizia milango na kufuta miwani.

Sheria ya chumba ilikuwa moja, na iliwahusu wakubwa kwa wadogo: humo hakugombwi. Mama Nili aliamini, na bado anaamini, kwamba mtungi ukisikia ugomvi unanuna na rangi haishiki. Wakati fulani mpishi wa shule na mtunza stoo walifuatana mpaka ndani wakibishana juu ya ufunguo. Aliwashika mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, akawatoa nje. "Nendeni mkagombane kwenye tanki la maji," aliwaambia. "Tanki halina moyo." Walikwenda, wakagombana, na walipomaliza wakaona kila mmoja ana alama ya vidole vya buluu kwenye mkono wa shati, wakacheka. Tangu siku hiyo, mtu akikuambia hapa shuleni "twende kwenye tanki," ujue amekasirika.

Mambo yalibadilika alipokuja mwalimu wa sanaa. Huyu tunamwita Mwalimu Kwanini, na yeye anajua. Alikuja akiwa kijana mwembamba mwenye baiskeli na maswali. Alisimama mlangoni kwa Mama Nili siku yake ya kwanza akauliza kwa nini kitambaa kifungwe kwa kokoto. Mama Nili akamweleza kama alivyofundishwa na shangazi yake: unachukua kokoto, unalifunika kwa kitambaa, unakaza uzi, na pale uzi ulipobana rangi haiingii, ukifungua unapata duara jeupe kama jicho. Mwalimu akasema ameelewa hilo, ila kwa nini kokoto tu? Kwa nini si kitu kingine? Mama Nili akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Akamuuliza kokoto limemkosea nini.

Wiki iliyofuata mwalimu alirudi na mfuko wa vyuma: parafujo, funguo zisizo na kufuli, kengele ya baiskeli, vijiko vilivyopinda. Vyote vilikuwa na kutu. Mama Nili alimwambia, "Mwalimu, hayo si mapambo. Hizo ni takataka zilizosoma." Lakini alikubali, shingo upande. Walivifunga vyuma ndani ya kitambaa, wakanyunyizia siki, wakaviacha mpaka kutu ikaanza kutambaa kwenye nyuzi. Walipofungua, kila chuma kilikuwa kimeacha kivuli chake cha rangi ya machungwa na kahawia. Ndipo wakakichovya kitambaa kwenye nili. Kilitoka kama anga la nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika. Mama Nili alikitazama kwa muda mrefu. "Imetoka," alisema. Mwalimu akafurahi sana. "Sijasema ni nzuri," akamkatiza. "Nimesema imetoka."

Kesho yake asubuhi alikuja na kopo limejaa magurudumu madogo ya saa kutoka kwenye meza ya mume wake.

Kitambaa kilichotokana na magurudumu yale kinaitwa "Saa Zilizolala," na ndicho kilichotundikwa maktaba, juu ya rafu za kamusi. Ukikitazama kwa mbali ni usiku tulivu. Ukisogea unaona meno ya magurudumu, mamia kwa mamia, yamegandamana bila kuzungusha chochote. Kilishinda tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya shule, na jaji mmoja aliandika kwamba kinamfanya asahau alikuwa anakimbilia wapi. Mume wa Mama Nili naye alikitazama kwa makini mno siku ile, akanyoosha kidole kwenye duara moja la pembeni. Lilikuwa gurudumu la saa ya mteja, na alikuwa amelitafuta chini ya kitanda, ndani ya viatu na kwenye pipa la unga.

Baada ya hapo hakuna aliyewazuia tena wawili hao. Walipaka uji mzito wa unga kwenye shuka, wakauacha ukauke na kupasuka jua likiwaka, wakachovya, na nyufa zile zikaingia rangi kama mito. Walikunja kitambaa kama karatasi ya barua na kukibana kati ya mbao mbili. Waliacha kitambaa kimoja nje msimu mzima wa mvua, chini ya mdomo wa bomba la paa, ili mvua yenyewe iamue. Kila jambo jipya lilianza na mwalimu kuuliza kwa nini, Mama Nili kukataa, na kesho yake Mama Nili kufika na vifaa. Ukiwauliza nani aliyegundua kitu gani watakupeleka kwenye tanki.

Kazi iliyotupatia wageni wengi zaidi ni "Ngazi." Hiki ni kitambaa kirefu kinachoning'inia kwenye uwazi wa ngazi za jengo kuu, kutoka ghorofa ya juu mpaka chini. Wasichana wa miaka ile walikishusha mtungini kidogo kidogo kwa kamba, mchovyo baada ya mchovyo, kiasi kwamba ncha ya chini ni nzito kama usiku na ya juu ni nyeupe. Ukipanda ngazi ukiwa unakitazama, unahisi unatoka ndani ya maji. Siku ya uzinduzi waliokuwepo walikuwa wageni wenye suti, na kitambaa kilikuwa hakijasuuzwa vya kutosha. Kilidondosha rangi. Ilidondokea kwenye reli za ngazi, wageni wakashika reli, halafu wakashikana mikono, wakajifuta jasho, wakapigana mabega kwa furaha. Walipotoka kupiga picha wote walikuwa na alama za buluu, na ukuta wa ngazi ulikuwa na viganja vyao. Mpaka leo Mama Nili anasema mwalimu ndiye aliyesema kitambaa kimekauka, na mwalimu anasema ni Mama Nili. Viganja vile havijapakwa rangi. Mkuu wa shule wetu wa sasa alikuja kuvitazama wiki yake ya kwanza, akaweka kiganja chake juu ya kimoja kulinganisha, akasema viachwe.

Na sasa tuseme juu ya "Asubuhi," ambayo wageni wa Ijumaa wataiona ukumbini nyuma ya meza kuu.

Siku moja gunia la vionjo lilipasuka. Vile vipande vyembamba vilimwagika sakafuni, na Mwalimu Kwanini, aliyekuwa amekuja kuazima mkasi, akakaa chini katikati yake kama mtu aliyeishiwa nguvu. Mama Nili akadhani ameugua. Mwalimu alikuwa anaokota kipande kimoja kimoja. Hakuna viwili vilivyofanana. Kimoja kilikuwa cheusi cheusi, kingine cha kijivu, kingine buluu ya mbali kama moshi. Akauliza ni nini. "Matambara," alijibiwa. Akasema hapana, hizi ni asubuhi. Kila kipande ni asubuhi moja ya mtungi, na ya aliyeinama juu yake.

Ilibidi washone. Jioni baada ya masomo, msimu baada ya msimu, wanachama wa Chama cha Rangi walikaa na sindano huku Mama Nili akikumbuka. Hiki ni cha mvua ile iliyoingia chini ya mlango. Hiki ni cha siku binti yangu alipofunga ndoa, nilichovya nikiwa nimeshavaa, ndiyo maana kina mkunjo. Hiki, alisema, ni cha siku nilipoletewa habari za msiba kwetu. Kisha akakigeuza, akakisogeza dirishani, akasema hapana, amekosea, siyo hicho, na akajicheka. Vile asivyovikumbuka viliwekwa karibu na vile vinavyofanana navyo. Basi kitambaa hicho hakifuati kalenda. Kinafuata namna mtu anavyokumbuka. Kinaanzia buluu, kinapauka, kinarudi, kinazama, na upande wa kulia kabisa umeachwa ukingo mweupe, kwa sababu asubuhi zilikuwa bado zinakuja.

Ukingo huo ndio uliotuletea shida mwaka huu.

Mwanzoni mwa muhula, mkuu wa shule alimuuliza Mama Nili, mbele yetu, nani atautunza mtungi akishaondoka. Mama Nili akajibu kwamba hakuna. Siku yake ya mwisho ataumwaga mwenyewe. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema atafunga dirisha. Tuliposhtuka alitueleza. Shangazi yake alipofariki, mtungi wake uliachwa kwa jamaa waliokuwa na nia njema na haraka nyingi. Walikuwa wakiulisha wakikumbuka. Uliugua, ukaoza, wakaanza kuutukana kwa harufu, na mwisho wakaumwaga mtaroni wameziba pua. Mama Nili aliyaona hayo akiwa msichana wa umri wetu. "Wangu hautatukanwa," alisema. "Nitauchota kwa mikono yangu, nitaumwaga taratibu chini ya ukuta, na mkitaka mtakuja kuuaga."

Hatukumbishia. Mtu hagombi ndani ya chumba kile. Lakini tulienda kwenye tanki sisi kwa sisi, na huko tulisema mengi. Tulijua namna ya kufunga, kukunja na kubana. Tulijua kuchovya. Ila kunusa kulikuwa ni kwake, na hatukuwahi kuuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na pua. Mmoja wetu alisema ni kama kuishi na mtu anayejua kusoma na wewe ukamwachia barua zote.

Kisha Mama Nili akapata mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kukaa nyumbani na kunywa vitu vya moto. Tulimfunikia mtungi na kuutupia pumba kama alivyoagiza. Aliporudi, alifika kabla ya kengele kama kawaida yake, akafunua kifuniko, akainama. Akakaa vile kwa muda mrefu. Akainama zaidi, mpaka ncha ya kilemba chake ikagusa utando wa juu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umekufa," alisema.

Alisema hauna harufu yoyote, ni maji tu. Hakutulaumu. Alifunga vizuri kanga kiunoni, akatuagiza tulete ndoo zote tulizonazo na tumwite mwalimu, maana kama ni kuuaga basi ni leo. Tulileta ndoo. Mwalimu alikuja na chaki mkononi. Hakuuliza kwa nini, na hapo ndipo tulipoogopa kweli. Mama Nili aliinama na kuchota ndoo ya kwanza.

Sasa, wote tuliokuwa pale tulikuwa tumeshika pumzi, na si kwa huzuni peke yake. Mtungi ulikuwa unanuka. Ulikuwa unanuka kama siku zote, harufu ile inayokufuata mpaka darasani na kukaa kwenye kola ya shati. Kila mmoja alidhani labda ni yeye tu anayenusa, na nani amkosoe Mama Nili kwa jambo la pua? Ndoo ilikuwa tayari imefika mlangoni, imeinama. Ndipo mdogo wetu wa kidato cha kwanza, ambaye kwa kawaida hata akiitwa jina hujibu kwa kichwa, alisema, "Mbona unanuka, bibi? Unanuka vibaya sana."

Ndoo ilisimama hewani.

Mama Nili aliiweka chini. Alimtazama yule mtoto, akamtazama mwalimu, akainua kiganja chake cha buluu akakiweka puani. Hakusikia kitu. Akaomba siki, akaletewa chupa. Hakusikia kitu. Akaomba vitunguu kutoka jikoni, na mpishi alikuja navyo mbio mwenyewe, akidhani mtu amezimia. Hakusikia kitu. Ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mtungi, akifuta macho. "Nilikuja kuzika," alisema, "kumbe maiti ni pua yangu."

Akairudisha ile ndoo mtungini, taratibu, kwa kuilaza ukingoni ili isiingize hewa. Akatuita, tukauzunguka mtungi. Halafu alisema neno ambalo hakuwahi kutuambia tangu tumjue: "Niambieni."

Tulisema unanuka. Akasema hilo ameshaambiwa, unanuka kama nini? Tulisema kama nili. Akasema hiyo ni kama kusema maji yana umaji. Basi tukainama tena, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza hatukuziba pua. Mmoja alisema kamba iliyolowa. Mwingine alisema nyasi zilizokatwa jana. Mwingine akasema, kwa aibu, nepi ya mdogo wake asubuhi. "Hiyo!" alisema Mama Nili. "Hiyo ndiyo njaa. Nepi juu, nyasi chini. Ukipata nyasi peke yake umeshiba. Ukipata yai, umenuna." Alikuwa akitupia pumba huku anaongea, na sisi tulikuwa tumeinama wote tumezunguka ule mdomo wa mtungi, vichwa vinagongana, jua la buluu likiwa limetuangukia migongoni. Hakuna aliyetaka kutoka hata kengele ilipolia. Mwalimu wa hisabati atusamehe.

Kuanzia siku hiyo sisi tulikuwa pua yake. Kila asubuhi tulifika, tukanusa, tukamwambia, na yeye akaamua. Baada ya muda alianza kutuuliza sisi tuamue, na yeye akasema ndiyo au hapana. Baada ya muda tena akawa anasema "mmh" tu. Tulikosea. Siku moja tulisema umeshiba na kionjo kikatoka cha kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Tulidhani atakasirika. Alikitundika msumarini pamoja na vingine, akasema nao mtungi wa shangazi yake ulikuwa na asubuhi kama hizo, ila hakuna aliyekaa kuziangalia.

Pua yake imeanza kurudi, kidogo kidogo, kitunguu kikiwa cha kwanza. Daktari amesema itarudi yote. Yeye mwenyewe anasema hana haraka nayo, imefanya kazi miaka mingi, nayo ipumzike.

Juu ya kuumwaga mtungi hakusema tena lolote, na hatukuthubutu kumuuliza. Tulikuwa tunahesabu ndoo tu, na kuangalia ziko wapi.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulifika tukamkuta amekaa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, mikoba yake miguuni. Tulimwamkia. Aliitikia, akaendelea kutazama uwanja. Tulisubiri ainuke. Hakuinuka. Mwisho tukaingia wenyewe. Tulifunua kifuniko, tukainama, tukanusa. Nepi kidogo, nyasi nyingi. Tulibishana kwa kunong'ona, ambako si kugombana, tukautupia konzi moja ya pumba badala ya mbili, tukakoroga bila mapovu, tukasubiri. Kisha yule mdogo wetu wa kidato cha kwanza akachovya. Kitambaa kilitoka kijani. Tulikishika ncha mbili karibu na dirisha, na kijani kikaondoka polepole kama mtu anayetoka chumbani bila kutaka kumwamsha mwingine, na buluu ikaja. Ilikuwa buluu nzuri. Si ya ajabu. Nzuri.

Tulimpelekea nje. Hakukichukua kile kitambaa, wala hakukisogeza kwenye mwanga kama desturi yake. Aliuliza tu, "Umekula?"

Tukasema umekula.

"Basi ufunikeni."

Kionjo hicho ndicho cha kwanza kushonwa kwenye ukingo mweupe wa "Asubuhi," na wageni watakaoketi upande wa kulia wa ukumbi watakiona. Siku zilizofuata tulichovya vingine, na kila nakala ya kijitabu hiki ina kipande kilichobandikwa kwenye kona ya ukurasa huu. Kiguse. Kama kitakuacha na alama kidoleni, tunaomba radhi. Mwalimu alisema kimekauka.

Kwa niaba ya wanafunzi wote, waliovaa sketi ulizozifufua na waliovaa mikono ya buluu, tunakushukuru Mama Nili. Tunamshukuru mume wako kwa magurudumu ya saa, lile moja likiwemo. Tunaahidi hatutagombana chumbani, na tanki tunalo.

Miaka thelathini na moja uliamka kabla yetu. Kuanzia Jumatatu, lala mpaka jua lipande na chai iive bila wewe. Uwe na afya, uwe na utulivu, na pua irudi taratibu kwa ajili ya maua na vyakula vizuri tu. Usishtuke alfajiri ukidhani umechelewa. Mtungi umekula, na tumeufunika.